Dakika Kumi na Moja Kabla ya Taa

Alhamisi, 21 Agosti 1997

Nimepoteza uso wa Bibi Kashindye. Ilikuwa Jumamosi tarehe 9 mwezi huu, Usagara, kuanzia saa moja na dakika tano jioni hadi saa moja na kumi na sita. Dakika kumi na moja. Naandika wazi hivi ili baadaye nisije nikajidanganya.

Jana amefariki. Habari kaniletea dereva wa Mzee Luhaga, mtoto wa marehemu, yule mnunuzi wa pamba. Hakuzima hata injini. Kasema mzee anauliza kama kanda ya sendofu, sherehe ya kumuaga binti yake Precious, iko tayari, maana marehemu hakuwahi kupigwa picha maishani mwake. Hata ya kitambulisho. Akiona kamera alikuwa anajifunika khanga mpaka machoni. Siku ile tu, kwa ajili ya mjukuu, ndiyo alikubali.

Kanda iko tayari, na sauti ni safi – unasikia mpaka anavyovuta pumzi kati ya jina na jina. Picha ni nyeusi. Nyeusi kama tako la sufuria. Ukikaza macho unaona kitu kama bega. Au mgongo wa kiti.

Nilikatazwa taa, hilo nilijua mapema. Kwenye ukoo wao bibi humtajia binti anayeolewa majina ya waliotangulia jua likishazama, ng'ombe wakishaingia zizini, na taa haijawashwa. Hapo katikati tu. Taa ikiwaka, majina yamekwisha. Nikasema sawa, kamera yangu inaweza. Na nilimwona! Kwenye kioo cha kuchungulia nilimwona uso mzima, na unga wa mtama ukidondoka kwenye vidole vyake akimpaka Precious kipajini.

Leo nimeirudia mara nne. Skrini ikiwa nyeusi hivyo, kioo chake kinakurudishia uso wako. Kwa hiyo Bibi anataja wazee wake, na anayeonekana ni mimi.


Ijumaa, 22 Agosti

Mazishi. Nimekwenda bila kamera, mikono nikakosa pa kuiweka.

Nilimwambia Mzee Luhaga nyuma ya ghala la pamba. Shikamoo, marahaba, pole, nimeshapoa. Halafu nikasema.

"Una maana gani, uso hakuna?"

"Sauti ipo yote, mzee."

"Sauti hata redio inayo."

Aliyasema taratibu, kama anayehesabu magunia. Afadhali angefoka. Akaongeza kwamba alinichagua mimi mbele ya vijana watatu wa mjini wenye kamera kubwa za begani, kwa sababu aliambiwa Rebeka ni mtu wa vipimo. Basi nikasimama pale na vipimo vyangu.

Precious alikuja kwa kivuko kutoka Busisi, mumewe ni wa upande ule, Sengerema. Hata wiki hajamaliza kwa mume. Akanikumbatia, akaning'ang'ania. "Dada Rebeka, nikitaka kumwona bibi nitakuja kwako, eh?" Baba yake yuko hatua tatu kutoka hapo, anasikia.

Nikasema eh.

Kwa nini nilisema eh?


Jumapili, 24 Agosti

Nimejua.

Nimeiweka kamera mezani nikaikagua kama nilivyokuwa nakagua cherehani mbovu, kipande kwa kipande. Ubavuni kuna kitufe kidogo ambacho mimi sikigusi. Kitufe cha spidi ya shata, yaani kila picha moja inapewa muda gani wa kunywa mwanga. Kawaida ni sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Nimekikuta kwenye elfu moja.

Ni shemeji Antoni, mume wa mdogo wangu. Tarehe 9 mchana aliazima kamera yangu akapige timu yake ya mpira hapa Pasiansi, akairudisha saa kumi.

Nimemfuata uwanjani baada ya misa. Shemeji, ulibonyeza hapa?

"Nilibonyeza kila mahali. Si ulisema hii kitu ina akili yake yenyewe?" Wachezaji wake wakacheka. "Lakini goli la pili uliliona? Mpira umesimama hewani kama chungwa dukani. Hauna mkia, hauna nini. Fundi nani?"

Elfu kwa ajili ya mpira. Kwenye jua la saa saba, sawa. Tena akaniambia bila kuulizwa: kile kioo cha kuchungulia alikiongeza mwanga mpaka mwisho, maana juani alikuwa haoni kitu.

Nikarudi nyumbani kwa miguu nikipiga hesabu. Elfu kugawa kwa hamsini ni ishirini. Kamera ilipewa sehemu moja ya ishirini ya mwanga, na mwanga wenyewe ulikuwa wa kuokoteza. Mimi huku nachungulia kwenye kioo kilichoongezwa, naona kila kitu kinang'aa, naridhika. Kioo hakirekodi. Kioo kinakuonyesha tu.

Nilitaka sana kumchukia Antoni. Nimejitahidi mpaka saa kumi jioni. Lakini yeye alibonyeza mchana, na kutoka saa kumi mpaka saa moja na dakika tano kamera ilikuwa mkononi mwangu. Saa tatu na ushee. Miaka tisa ya ufundi sikuwahi kukata kitambaa cha mtu bila kupitisha futi mara mbili. Mitumba ilipoingia cherehani ikanyamaza, nikanunua kamera, na ile futi nikaitundika msumarini. Iko pale. Naiona ninavyoandika.


Jumatano, 27 Agosti

Mzee Luhaga mwenyewe, hapa bandani kwangu. Alikataa soda. Alikaa kwenye kiti cha wateja, uso kwa televisheni iliyozimwa.

Akasema: mama mdogo Milembe.

Ni mdogo wa marehemu, wamepishana miaka miwili, na yeye mzee hata utotoni aliwahi kumwita mmoja kwa jina la mwingine. Shavu lile lile. Anavyoinamisha shingo vile vile. Na majina anayajua yote, wamefundishwa pamoja. Sasa yeye anaona hivi: nimkalishe Bibi Milembe mahali pale pale, saa ile ile, ataje majina. Halafu nichukue sauti ya Bibi Kashindye niiweke juu ya picha ile.

Nikauliza, na sauti ya Bibi Milembe?

"Sauti yake hatuihitaji."

Yeye mwenyewe ameambiwa ni ya nini?

"Ameambiwa atapigwa picha. Inatosha."

Na Precious?

"Precious atamwona bibi yake. Si ndicho ulichomwahidi?" Akanyanyuka. Jumamosi tarehe 6 ukoo wote unakutana Usagara, Precious anavuka Ijumaa mchana, na kanda itaonyeshwa Jumamosi hiyo. "Ukiweza kukataa, kataa. Lakini aliyemfuta ni wewe."

Sikukataa. Na niandike ukweli, cha kwanza kilichonijia hakikuwa dhambi wala Precious. Nilifikiria mwanga. Nilifikiria ile nusu saa jua likishazama, jinsi anga linavyobaki na rangi ya maziwa yenye chai kidogo, na kwamba safari hii ningelipata.


Alhamisi, 28 Agosti

Kitabu cha maelekezo kina kurasa sitini na nane. Kurasa mbili ndizo zinazungumzia mwanga mdogo, nazo zinasema tu: ongeza taa. Asante.

Kwa hiyo nimefanya mwenyewe. Nimemchukua jirani yangu Odeta mpaka ufukweni, nikamkalisha juu ya jiwe na kitenge cheusi mabegani, sentimita 180 kutoka kwenye lenzi. Futi nimeitoa msumarini.

"Nikae kama marehemu mpaka lini?"

Mpaka saa moja na robo.

"Mbu wa hapa hawamjui marehemu, ujue."

Jua limezama saa kumi na mbili na dakika hamsini na mbili. Shata hamsini muda wote. Kitundu cha lenzi nimekifungua mpaka mwisho kwa mkono, otomatiki nimeitoa – ikiwa otomatiki inaliona anga linalong'aa nyuma ya kichwa cha mtu, inafumba kitundu, mtu anageuka kivuli. Halafu kuna nguvu ya ziada ya kuongeza mwanga, ambayo hukuzwa kwa ngazi: sifuri, tisa, kumi na nane.

Saa moja kamili: sifuri inatosha. Picha nzuri, laini.
Saa moja na dakika sita: tisa. Uso upo, macho yapo.
Saa moja na kumi: tisa inazama. Kumi na nane inaleta chenga, kama unga umemwagika kwenye picha.
Saa moja na kumi na tatu: chenga tupu. Odeta kaisha.

Fokasi nayo. Giza likiingia inahangaika, inavuta, inaachia, inavuta, kama mzee anayetafuta uzi kwenye tundu la sindano. Nimeifunga kwa mkono kwenye sentimita 180 na kumwambia Odeta asisogee. Kasogea. Mbu.

Saa moja na kumi na tatu. Bibi Kashindye alimaliza na kumi na sita. Nimepungukiwa dakika tatu.

Tulikuwa tunakunja vitu ndipo nikaona. Odeta alisimama, akageukia ziwani kujikung'uta mchanga, na uso wake ukawaka. Si kuwaka kwa taa. Ulitokeza tu, pole pole, kama mtu anayekuja juu kutoka kwenye maji. Nilikuwa nimemkalisha ubavu. Akiliangalia anga la magharibi, anga lote linakuwa taa, upana wake toka Bwiru mpaka mwisho wa macho. Nikakimbilia kamera. Saa moja na kumi na tano, ngazi ya tisa, na Odeta yumo, hata nyusi, anasema, "Sasa unanipiga wakati nimechoka?"


Jumamosi, 30 Agosti

Harusi Kirumba, mchana, jua la kumwaga. Kazi ya macho kufumba.

Kioo cha kuchungulia nimekirudisha. Nimerekodi khanga nyeupe jioni, nimeicheza kwenye televisheni, nimepunguza kioo mpaka vikafanana. Sasa kikisema giza, ni giza. Nimekipigia alama kwa rangi ya kucha.

Niliota niko ndani ya ile kanda. Pamepoa, hapana ukuta. Bibi anasema majina karibu kabisa na sikio langu na mimi natafuta kitufe, na kila kitufe ninachogusa ni kifungo cha blauzi.


Jumanne, 2 Septemba

Usagara. Nimerudi na mchanga wa kule kwenye viatu, sijanawa.

Mzee Luhaga alikuwa ametayarisha karabai mbili, zinavuma. Anasema ni picha tu, mila haihusiki. Bibi Milembe alitoka ndani akizifunga khanga vizuri, akaziona karabai, akasimama mlangoni.

"Hizo za nani?"

"Za picha, mama mdogo. Uonekane."

"Luhaga. Mama yako angekaa hapo penye hizo?"

Mtu wa magunia elfu mbili kwa msimu, kaziinamia karabai. Akazizima mwenyewe, moja baada ya nyingine, na mimi nilifurahi, nikaona haya kwa kufurahi. Nikamwambia Bibi, shikamoo, mimi sihitaji taa. Naomba tu ukae uangalie kule jua lilikozama.

"Marahaba, mjukuu wangu. Hata sisi tulikuwa tunakaa hivyo. Dada alikuja kugeuza kiti siku ile kwa sababu ya wageni."

Kumbe. Siku ya sendofu Bibi Kashindye aligeuzwa kuelekea wageni, akalipa anga kisogo. Nikapima kwa futi: sentimita 180. Shuka jeupe nikalitandika chini mbele ya miguu yake, litupie mwanga kidogo kidevuni. Nikafunga fokasi. Hamsini. Tisa. Kitundu wazi.

Akauliza kitu ambacho sikukitarajia. "Nitajiona lini?"

Luhaga yuko nyuma yangu. Nilimsikia anavyosita kupumua.

"Hujawahi kujiona, Bibi?"

"Kwenye maji. Na kwenye kioo cha Precious, lakini kile ni kidogo, kinakupa jicho moja moja." Akacheka, meno mawili. "Dada hakutaka. Mimi nilikuwa nataka siku zote, ni yeye tu alikuwa ananikataza. Haya, washa hiyo kamera yako."

Saa moja na dakika nne ng'ombe wa mwisho kaingia zizini. Saa moja na dakika tano akaanza. Sijui Kisukuma cha ndani hivyo, mimi wa kujifunzia sokoni, lakini majina nayafahamu sasa kuliko ya kwetu, nimeyasikia zaidi ya mara ishirini gizani. Kumi na manne. Anayasema polepole kuliko dada yake. Vumbi la ng'ombe lilikuwa bado limening'inia na lilishika rangi, na uso wake ukawa ndani ya rangi hiyo, kila mkunjo una upande wake wa mwanga na upande wake wa kivuli. Nilisahau kupumua. Nilisahau ni wa nani.

Jina la kumi na nne. Nikajua amemaliza, nikasogeza kidole kwenye kitufe cha kuzima.

Hakumaliza. Akainamisha shingo, vile vile kama alivyosema mzee, akachovya vidole kwenye unga, akasema: "Na Kashindye."

Saa moja na dakika kumi na sita. Ndani ya nyumba mtu akawasha taa.


Jumatano, 3 Septemba

Nimeicheza mchana, madirisha yamefunikwa. Hakuna chenga ya kusumbua. Sijawahi kupiga picha nzuri kama hii na sidhani kama nitapiga nyingine.

Halafu nikafanya nilichoagizwa. Waya kutoka mashine hii kwenda ile, sauti ya dada mkubwa juu ya uso wa dada mdogo. Kwa sababu Bibi Milembe ni wa polepole ilibidi nisimamishe na kuachia sauti kila jina, moja moja, yote kumi na manne. Nimemaliza saa tisa. Inakubali. Ndiyo kinachonitisha, inakubali. Ukikaa mita mbili kutoka kwenye televisheni, ni Bibi Kashindye.

Mpaka mwisho. Sauti inasema la kumi na nne na inakwisha. Kimya. Na mdomo bado unakwenda. Unasema jina moja zaidi bila sauti, na macho yanatazama kule, na anachokisema ni Kashindye.

Mzee Luhaga alikuja saa kumi. Aliangalia bila kukaa. Alitoa leso. Yule ni mtoto aliyefiwa na mama, sitaki nimwandike kama shetani. Mwisho ulipofika akashika ukingo wa meza.

"Kata hapo," akasema.

Nikamwambia, mzee, anataja jina la mama yako.

"Ndiyo maana. Kata hapo."

Ni sekunde nne. Kwa mkono wangu ni kazi ya dakika moja.

Nilimuuliza tena kuhusu Precious. Akasema tutaona. Nilimuuliza nani atamwambia Bibi Milembe akikaa Jumamosi mbele ya televisheni na ukoo wote, anasubiri kujiona kwa mara ya kwanza, halafu mdomo wake utoe sauti ya dada yake. Akasema wanawake wazee hulala mapema. Akasema atamtuma dereva kesho kuchukua.


Alhamisi, 4 Septemba

Dereva yuko nje tangu saa nne. Safari hii amezima injini. Anakula mahindi ya kuchoma ya Odeta na kumsimulia habari za barabara ya Shinyanga. Nimemwambia asubiri, naandika barua. Hii ni ya pili, ya kwanza ilikuwa na pole nyingi mno.

Mezani kuna kanda tatu. Ya kwanza: sauti ya Bibi Kashindye na giza, lebo nimeandika jina lake na tarehe 9 Agosti. Ya pili: Bibi Milembe, sauti yake na uso wake, majina kumi na tano, tarehe 2 Septemba. Ya tatu haina lebo. Nimeshika kalamu juu yake mara mbili.

Nikimpa ya tatu, kosa langu limefutika. Hakuna atakayejua habari ya kitufe. Watasema Rebeka ni fundi, kampiga bibi jua limeshazama, bila taa, njooni muone. Na Precious atavuka Busisi na kurudi na uso alioutaka. Najua nachokiacha. Mimi si mtakatifu. Usiku niliweka kidole pale pa kukata, nikakiacha hapo mpaka kikawa baridi.

Nimeinakili hapa barua niliyomwandikia, ili nisije nikaibadilisha kichwani.

"Mzee Luhaga, shikamoo. Nakutumia kanda mbili, zote zina majina. Weusi wa ile ya kwanza ni kosa langu mimi, si la kamera wala la shemeji yangu. Sikuangalia kitufe. Nitamwambia Precious hivyo kwa mdomo wangu. Ya tatu ninayo na haitoki hapa kabla hujanijibu maswali mawili. Precious ameambiwa uso ule ni wa nani? Bibi Milembe ameambiwa sauti yake inaondolewa? Sitaki tutaona. Nataka ndiyo au hapana, kwa kila moja, kwa maandishi. Kesho Ijumaa saa sita kamili mchana nitakuwa hapa bandani. Usipojibu, saa sita na dakika moja napanda gari la Kigongo, nikamsubiri Precious anaposhukia kwenye kivuko, nimwambie yote.

"Jibu, mzee. Wanajua, au hawajui?"